Mkia wa Lori na Samli ya Akko

Halima, mimi sikumweka nyanya yako, Akko, ndani ya mkia. Aliingia mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, na kibuyu chake cha samli mkononi, na kama ungekuwa umesimama pale kizuizini Alhamisi ungejua kwamba mtu aliyeumia siku ile ni mimi, kwa sababu Akko alitoka ndani akitafuta tumbaku yake na mimi nikatoka pale na mavi ya ngamia kwenye kola. Lakini kwa vile tangu Ijumaa hutaki kunisikiliza, na kila nikipita kwenu unageuka kuangalia ukuta (ukuta hauna kitu, nimeuangalia pia), nimeamua kuandika yote kwenye hili daftari nikusomee upende usipende. Aibu nimeikubali. Isiolo nzima imeiona, sasa nitaificha wapi.

Tena umesema kwa watu kwamba kama lori ingehitaji mkia, wale walioitengeneza ng'ambo wangeiwekea tangu mwanzo. Hiyo Baba alishasema kabla yako. Nilimjibu hivi: wale watu wa ng'ambo hawajawahi kupeleka mahindi Sericho kwa petroli ya kupimiwa.

Na hapo ndipo shida ilianzia, kwa petroli. Unajua tangu hii vita ya shifta, wale waasi wa porini, ianze lori haiendi peke yake, inaenda na msafara, askari mbele na askari nyuma, na petroli unapewa kwa ruhusa, na ile Baba alipewa safari hii ilikuwa ya kufika Sericho na kurudi kama hakuna kitu kitaharibika, na wewe niambie ni lini lori ya Baba ilikwenda mahali na kitu hakikuharibika. Kila jioni alikuwa anaingiza ile fimbo yake ndani ya tanki, anaitoa, anaangalia alama ya maji ya petroli, anapangusa, anaingiza tena, kama mtu anayetumaini fimbo itabadilisha maneno. Mama akasema asiende. Baba akasema asipoenda jina lake litafutwa kwenye orodha ya msafara, na mtu akifutwa anarudi nyuma ya foleni, na lori ya kukaa uwanjani ni banda la kuku tu.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na Form Four yangu, nangoja barua ya chuo cha ualimu (barua ambayo inakuja kwa kobe), na nikaona sasa hapa ndipo elimu inahitajika.

Wewe na mimi tumekua Kiwanjani, ndege zinatua mbele ya macho yetu. Umewahi kuona ndege imekatwa nyuma kama sanduku? Hakuna. Zote zimechongoka, mkia unakwisha polepole kama figili. Lakini lori imekatwa nyuma wima kama ukuta, kwa hivyo hewa ikipasuliwa na pua ya lori inapita kwa ubavu, ikifika nyuma inakosa njia, inaanguka, inazunguka pale, na ile kuzunguka inavuta lori kurudi nyuma. Ushahidi si wa vitabu, ni vumbi. Mtu akikaa nyuma ya lori vumbi haliendi zake, linageuka linaingia ndani linampaka uso, anashuka Garba Tula anafanana na marehemu. Vumbi linageuka kwa sababu hewa inageuka. Nikamwambia Baba, upepo umekushika shati nyuma na wewe unachoma petroli kumburuta.

Baba alikwenda kuangalia nyuma ya lori. Halafu akasema, "Hiyo ya shati nimeielewa."

Basi nikachora. Mkia wa futi saba, upana wa lori pale unapoanza, kisha unapungua mpaka unakuwa kama mdomo wa debe. Fito za kukunja kwa umbo, turubai juu, na bati la madebe pale pembeni unapokutana na lori. Ekiru, yule tanboi, utingo wa Baba (tanboi kwa jina tu, ana wajukuu wanne na goti bovu), alikwenda kutafuta fito upande wa mtoni na akarudi akiniuliza swali moja, na nataka uliandike kichwani, kwa sababu kila mtu ameniuliza tangu wakati huo.

"Dada, na mlango wa nyuma tutafungua aje?"

Nikamwambia mahindi yatapakiwa kwanza, kisha tutafunga mkia juu ya mlango, kisha abiria watapanda kwa ubavu, wakanyage tairi. Mlango hautahitajika mpaka Sericho.

"Na Sericho?"

"Sericho tutaona." Nilikuwa na haraka, Halima. Wewe unajua nikiwa na haraka nakuwa namna gani.

Tukajaribu Jumanne kwenye ile barabara ya kando ya uwanja wa ndege. Baba akakanyaga mafuta mpaka lori ikaanza kuimba, tukaenda, tukarudi, bila mkia mara tatu na ukiwa na mkia mara tatu, na fimbo ikaonyesha tofauti ya nusu kidole. Nusu kidole. Baba aliangalia ile fimbo kama mtu aliyeona mvua Januari. Alinishika bega, akamwambia Ekiru, "Huyu nimesomesha." Sikulala usiku huo kwa majivuno.

Sasa uamuzi wenyewe, ule mdogo. Katika jaribio bolti mbili zilikuwa zimelegea, na barabara ya Sericho ina mawimbi kama bati, nikaona mkia utaanguka kabla ya kufika popote. Ekiru akasema tufunge nati mbili mbili. Mimi nikasema hapana, tuponde vichwa. Ukiisha kukaza bolti unaipiga nyundo pale mwisho mpaka inachanua kama uyoga, nati haitoki tena hata ikitaka. Bolti kumi na mbili. Nilizipiga nane mimi mwenyewe, Alhamisi alfajiri, nikihesabu kwa sauti. Kumbe nilikuwa najifungia jela na ninaimba.

Abiria wakapanda kwa ubavu. Akko alisukumwa na wanaume watatu na akawatukana wote watatu kwa zamu, ukajua ana afya. Alikuwa anaenda kwa shangazi yako aliyejifungua, na kile kibuyu cha samli ya mzazi alikishika kama ndiyo mtoto. Mimi nikakaa mbele na Baba, nishuke kizuizini, nione mkia ukiondoka. Nilitaka kuona vumbi likienda zake.

Kitu nilichosahau ni watu wetu. Kwenye karatasi yangu ule mkia ndani yake kuna hewa. Lakini hapa Isiolo hakuna nafasi inayoitwa tupu katika lori. Ukimwonyesha abiria wa Sericho tundu la ngumi ataingiza kuku. Na pale juu ya mlango wa nyuma, kati ya mlango na turubai, kulikuwa na uwazi, na upande wa pili kuna chumba kizima, kina kivuli, hakina vumbi, hakuna kiwiko cha mtu. Akko alikiona kabla lori haijafika sokoni. Akavuka mlango, akatandika mkeka, akalala. Wengine wakaona aah, kumbe ni ghala, wakamtupia mizigo nyuma yake: mikeka, sufuria, mtungi, jogoo amefungwa miguu. Mlango wake ukazibwa na yeye amelala. Mbele sisi hatujui kitu. Baba anapiga mluzi.

Kizuizini, lori kumi na moja kwenye mstari, sisi wa tatu. Na Halima, mimi nimepita kile kizuizi mara ngapi? Nimesimama pale na kipande cha kitambulisho mkononi tangu vita ianze, nimeona kila lori, kila siku, ikifanya jambo moja: inasimama, inafungua nyuma. Sheria ya kwanza. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Nilifikiria hewa ya barabara yote mpaka Sericho na sikufikiria hatua mia tano kutoka nyumbani.

Sajini akaja na ile nondo yao ndefu ya kuchomea magunia, kutafuta bunduki. Akaangalia mkia. Akauzunguka. Akarudi kwa dirisha la Baba.

"Mzee, fungua nyuma."

"Afande, haifunguki."

"Haifunguki namna gani?"

"Imepondwa."

Sajini akageuka kuangalia wenzake, halafu akaweka mkono juu ya turubai langu. "Na ndani ya hii kitu kuna nini?"

Hapo Baba angesema neno la mtu mzima. Lakini mimi nilisharuka chini. "Hewa, afande."

"Hewa."

"Ndiyo. Hewa tupu."

"Hewa gani inapigiliwa na bolti kumi na mbili?"

Nikaona huyu anahitaji kuelezwa. Nikaokota kijiti, nikachuchumaa, nikamchorea lori kwenye vumbi, pua, ubavu, hewa inapita hivi, inaanguka hivi, nikamwambia mambo ya shati, na madereva wa nyuma wanapiga honi, na askari wengine wamekuja kusimama juu ya mchoro wangu na mabuti. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Kama ni hewa, haitaumia." Akachukua nondo akaisukuma ndani ya turubai, polepole.

Ikaingia. Ikagonga kitu, ko. Akaichomoa, na kwenye lile tundu ukatokea mstari wa njano, mzito, unashuka kwa utaratibu mpaka kwenye buti lake.

Akachovya kidole. Akanusa. "Hewa ya kwenu iko na samli?"

Na mimi, mtu wa Form Four, nikaangalia kijiti changu. 

Hapo mkia ukakohoa. Halafu ukaanza kutukana kwa Kiborana, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Nilijua ni Akko wenu kwa neno la pili. Lakini askari hawamjui Akko. Wao walisikia mtu amejificha ndani ya sanduku lililofungwa, wakati huu, barabara hii. Mmoja akapiga kelele "Lala chini", na bunduki zote zikatugeukia, na msafara mzima, madereva, abiria, mama wa chai, wote tukalala kifudifudi, na mahali pangu pa kulala ngamia alikuwa ametangulia. Hilo silisemi kuchekesha. Askari mdogo alinisimamia na bunduki, na nilimwona Baba amelala kando ya gurudumu, kofia imetoka, upara wake umekaa kwenye jua, na nikafikiri: mtu mmoja akipiga chafya hapa, ni mimi nimemuua baba yangu kwa sayansi.

Ekiru alikuwa amelala karibu nami. Akasema kwa vumbi, taratibu, "Mimi nilisema mlango."

Nikapata sauti. Nikasema, "Afande, ni nyanya. Ni nyanya wa rafiki yangu, anapeleka samli kwa mzazi."

"Toka nje," sajini akaambia mkia.

Akko akamjibu, Kiswahili sasa, "Nitoke wapi? Wewe umeona mlango?"

Watu waliolala chini wakaanza kucheka, mmoja mmoja, uso ndani ya vumbi. Bunduki zikashuka. Lakini kucheka hakufungui bolti. Mizigo ilikuwa imemziba upande wa ndani, na mizigo haitoki kabla ya abiria kushuka, na sajini hataki abiria wapande na kushuka kwa ubavu kama nyani, anataka nyuma ifunguliwe kama sheria ilivyosema. Wakaleta spana. Spana inashika uyoga wapi? Ikabidi Ekiru akate kila bolti kwa tindo na nyundo, goti lake bovu kwenye kokoto, kumi na mbili, na mimi nimeshika tindo, na kila pigo Akko anauliza kutoka ndani, "Bado?" Mji ukasikia. Wakatoka sokoni, wakatoka mtaani Chechelesi, watoto wakakaa kwa mstari kama wanangoja sinema.

Kibaya zaidi kilikuwa kinatokea mbele na hakuna aliyekiona isipokuwa Baba. Lori ilikuwa inanguruma. Betri imekufa, ukizima lazima isukumwe na watu kumi, na askari walisema hakuna mtu kuisukuma wala kuisogeza mpaka wamalize. Saa nzima na zaidi, Halima. Baba amesimama kando ya tanki na fimbo yake. Aliiingiza mara moja, akaangalia, hakuiingiza tena.

Mkia ulipoachia na wanaume wakaushusha chini, Akko alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya sufuria za watu, jogoo ubavuni, kibuyu kilichotoboka kifuani, kidole chake amekizibia kwenye tundu. Alimwangalia sajini kuanzia kofia. "Mwanangu," akamwambia, "mama yako pia unamchoma na chuma?" Yule mtu mkubwa akavua kofia. Akampa mkono ainuke. Nakuambia akamtafutia nta ya kuziba kibuyu, askari wakashika foleni kumwamkia.

Kisha Akko akanigeukia mimi. Nikangoja laana. Akasema, "Hapo ndani ni pazuri. Hakuna vumbi." Akapanda kwa mlango wa nyuma kama watu.

Msafara haukutuwekea nafasi yetu. Tuliwekwa wa mwisho kabisa, na unajua wa mwisho ni nani: anakula vumbi la lori kumi, na jambo likitokea yeye ndiye yuko mbali na askari wa mbele. Baba alipita mbele yangu akapanda lori. Angenigombeza ningelala vizuri.

Mimi nikabaki na mkia. Sajini alisema hautakaa barabarani kwake. Nikaazima punda, nikauburuta mji mzima, sokoni, mbele ya msikiti watu wakitoka swala, mpaka nyumbani, na watoto nyuma wakiuliza wamefunga nani leo. Mama aliuangalia ukiingia uwanjani. Jioni kuku wakaingia ndani wakalala. "Angalau kuku wamekubali," akasema, na akaenda jikoni, na nilimsikia akipangusa pua.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Hakuna aliyesema petroli nyumbani. Nilikuwa naamka, nachukua hesabu yangu ya nusu kidole, naitoa kwenye ile saa moja ya kizuizini, na kila mara jibu lilikuwa kabla ya kufika mji, porini, pasipo nyumba.

Leo mchana msafara ukarudi. Nilisimama kwa mbali nikahesabu lori. Tisa. Kumi. Halafu hakuna kitu, vumbi tu, muda wa kutosha mtu kuzeeka. Halafu kamba. Lori ya Baba ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya lori ya askari, inavutwa kama ndama, na Baba ameshika usukani amekaa wima kama waziri. Mji ukacheka tena. Mimi sikucheka wala sikulia, nilikaa chini tu pale nilipokuwa.

Nyumbani alikunywa chai vikombe viwili. Kwa cha tatu akasema petroli ilikwisha karibu kabisa, mji unaonekana, na kwamba hata hivyo mkia haungesaidia, kwa sababu msafara unakwenda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, askari wa mbele anaangalia kila kichaka. "Ile hewa yako inataka mtu mwenye haraka," akasema. "Huko hakuna haraka." Halima, hilo nalo sikulifikiria. Nilipima kwa lori inayoimba, na hakuna anayeimba njia ya Sericho mwaka huu.

Nikasema, "Samahani, Baba."  Nikasema kuku wamezoea, nitawaachia.

"Huwezi," akasema. "Akko atarudi arobaini ya mzazi ikiisha. Amekataa kukaa juu ya magunia. Ameniuliza mbele ya watu kama atakuta chumba chake." Akapuliza chai. "Abiria wengine nao walikuwa wanauliza. Walikula vumbi huko nyuma, wakanikumbusha kila maili." Akainuka kwenda kulala, mlangoni akageuka. "Lakini Kathure, mlango."

Kwa hivyo sikiliza kiapo changu, na wewe ndiye shahidi: sitaponda bolti tena maisha yangu yote. Na kesho asubuhi, kabla ya kushika penseli, kabla hata ya kuwatoa kuku, nitavaa ile gauni isiyo na mavi, niende kizuizini mbele ya wote waliocheka, nimwulize sajini yeye anapenda kufungua kutoka upande gani. Twende wote. Nimekuwekea kibuyu kipya cha Akko, umkabidhi wewe akirudi.